Kengele ya Ijumaa Kuu

Waliowahi kutumikia altareni wanajua: Alhamisi Kuu, kwenye wimbo wa "Utukufu", kengele hupigwa kwa fujo zote, halafu hunyamaza kabisa hadi "Utukufu" wa mkesha wa Pasaka. Katikati hapo hugongwa kibao tu, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Nilikuwa na miaka 12 na kengele ilikuwa mkononi mwangu. Mzee wa sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, akaniambia, "Ifiche. Nikiisikia kabla ya Jumamosi usiku, utanijua." Nikaisindilia leso mdomoni, ulimi ukanyamaza, nikaitia kwenye mfuko wa kanzu. Baada ya misa ningeihamishia kabatini. Ningeihamishia.

Ijumaa nikavaa kanzu ileile. Nilihisi inanivuta upande mmoja, nikadhani ni mfungo. Tukaingia bila wimbo, padre akalala kifudifudi, kanisa zima likapiga magoti. Kimya. Leso ilikuwa kazini.

Yakaja Mateso kama yalivyoandikwa na Yohane. Ni marefu, na husikilizwa kwa kusimama. Jasho likanitiririka, nikapapasa mfukoni. Kumbe kuna leso! Nikaivuta, nikajifuta uso taratibu, huku nikijisifu moyoni kwamba mtoto aliyelelewa hakosi leso.

Msomaji akafika: "Akainama kichwa, akaisalimu roho yake." Hapo watu wote hupiga magoti, hakuna hata anayekohoa. Nami nikapiga.

Ngriiing!

Mtumishi mwenzangu, kwa mazoea tu, akainamisha kichwa kana kwamba hostia, mkate wa misa, imeinuliwa. Nikaibana kengele juu ya kanzu, na kengele ukiibana kwa hofu ndipo unapoitikisa: ngri, ngri, ngri. Padre hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia.

Mzee wa sakristia hakunikaripia. Alinyoosha kiganja, nikamkabidhi, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti lake. "Hapa iko salama," akasema.

Jumamosi usiku taa zilizimwa, moto mpya ukawashwa nje, tukaandamana na mshumaa wa Pasaka hadi mlangoni. Padre akaimba, "Mwanga wa Kristo!" Tukaitikia, "Tumshukuru Mungu." Tukatulia ili tuingie gizani kwa heshima.

Nyuma yangu: ngriiing.

Wote waliokuwa karibu wakanigeukia mimi. Nikainua chetezo juu, waone kwamba mikono yangu yote miwili ina kazi.