Hukumu ya Brown na walimu weusi waliofungiwa nje

Anayesema kwamba kuvunjwa kwa ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani kuliwaumiza pia watu weusi huambiwa mara moja kuwa anatamani enzi za ubaguzi. Hawasikilizwi vizuri watu hawa. Hukumu ya Brown ya Mei 17, 1954, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba, hawaipingi. Wanachouliza ni kwa nini kuunganisha shule kuligeuka kuwa kufunga shule za weusi na kuwatimua walimu wa shule hizo.

Inakadiriwa kuwa kati ya 1954 na 1965 walimu na walimu wakuu weusi 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 ya Kusini na ya mpakani mwa Kusini na Kaskazini. Elfu thelathini na nane, katika jamii ambayo ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za kisomi alizoruhusiwa mtu mweusi. Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Bodi ya shule, iliyoshikwa na wazungu, iliamua shule ipi ifungwe, na kwa kawaida ilifungwa ya weusi. Mikataba mingi ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, hivyo hapakuwa na haja ya kumfukuza mtu: muda ukiisha, haukuongezwa. Mwalimu mkuu aliyebakizwa aliweza kujikuta naibu, au kocha wa michezo. Huko Moberly, Missouri, shule ya weusi ilifungwa mwaka 1955 na walimu wake 11 wote wakakosa nafasi. Mwaka 1959 mahakama ya rufaa ikasema rangi haikuwa sababu. Wote 11!

Hasara hiyo iliwafikia watoto pia. Utafiti uliotolewa 2017 kwa takwimu za North Carolina ulionyesha kuwa mvulana mweusi wa familia fukara, akifundishwa na hata mwalimu mmoja mweusi kati ya darasa la 3 na la 5, uwezekano wake wa kuacha shule hupungua kwa 39%.

Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi kilichoendesha kesi ya Brown, nao wana hoja nzito. Kiongozi wao Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, alijua kuwa usawa ndani ya utengano haukuwapo. Kaunti ya Clarendon, South Carolina, ilitumia dola 179 kwa mtoto mzungu na dola 43 kwa mweusi. Gavana Byrnes alianza kuwajengea weusi shule mpya mwaka 1951, kesi ya Clarendon, iliyokuja kuunganishwa na ya Brown, ikiwa tayari mahakamani. Bila tishio la kesi, fedha hazikutoka. Ubaguzi ulipaswa kuvunjwa.

Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini walishtaki. Haielezi utekelezaji uliofuata. Wadai walikuwa wanafunzi na wazazi wao, si walimu. Hukumu ya pili ya Brown, ya Mei 1955, ilizikabidhi kazi hiyo bodi zilezile, zikisimamiwa na mahakama za wilaya. Watumishi iliwataja mara moja tu, pamoja na majengo na usafiri, kama matatizo ya kiutawala yanayoweza kuzingatiwa bodi ikiomba muda zaidi. Ni Desemba 1969, katika kesi ya Singleton huko Mississippi, mahakama ya rufaa ilipoagiza kuwa mwalimu apunguzwe kwa vigezo vya wazi visivyo vya rangi, na nafasi isipewe mtu wa rangi nyingine kabla ya aliyeondolewa mwenye sifa kupewa fursa ya kuichukua. Agizo hilo lingeweza kuandikwa mwaka 1955, kabla mikataba ya Moberly haijaisha.