Dola 5 za mgombea na bahasha ya mheshimiwa

Mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imerundikana kando ya barabara, mzee mmoja aligonga mlango wangu hapa South Portland, jimbo la Maine. Mwalimu mstaafu, viatu vimelowa, mkononi ana fomu na kalamu. Alikuwa anataka kugombea kiti cha bunge la jimbo, akaniomba dola 5. Nilipompa, aliandika jina langu, nikatia sahihi, akanieleza kwamba akipata wapiga kura 60 wa eneo lake wa kutoa dola tano tano, kampeni yake italipiwa na mfuko wa umma. Utaratibu huo wananchi wenyewe waliupitisha kwa kura mwaka 1996. Nilifunga mlango nikabaki nimesimama pale pale. Kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, mgombea haji kuomba. Huja na unga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jinsi mtu anavyopanda hapa, kutoka udiwani hadi bunge la jimbo, na mfano ulio karibu nami ni Deqa Dhalac. Ni mzaliwa wa Mogadishu, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mwaka 2018 aliingia baraza la mji wetu lenye madiwani 7. Desemba 2021 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya, akawa Msomali wa kwanza kuwa meya katika Marekani nzima. Mwaka 2022 wapiga kura wakampeleka Augusta, mji mkuu wa jimbo, kwenye Baraza la Wawakilishi la Maine. Kwa mtu wa Afrika Mashariki habari hii inasisimua, na mimi ilinisisimua. Ila kinachonikaa moyoni zaidi ni ile miaka ya barazani, ambayo haina picha wala shangwe.

Nitaeleza kwa nini. Wakati hoteli za mji huu zilipojaa familia za wakimbizi kutoka Kongo na Angola, nilikuwa nikienda kutafsiri baada ya zamu yangu ya kulea wazee. Kiswahili chao si changu, lakini tulielewana. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Ndugu, batoto beko na njaa." Chumba kimoja, watoto wanne, chakula kinapashwa kwenye maikrowevu juu ya kabati la nguo. Hapa msaada wa dharura wa namna hiyo hutolewa na mji. Jimbo hurudisha asilimia 70 ya gharama, na masharti ya nani apewe hupangwa Augusta. Kwa hiyo diwani ndiye anayeona mji umetoa pesa na zimepungua wapi. Akifika bungeni mswada wa msaada huo ukaletwa, haanzi kujifunza siku hiyo. Ameshakaa kwenye vikao vya usiku vya bajeti, wakazi wakimfokea kuhusu taka na kodi za majengo, na ameshazijua hesabu.

Kitu kingine: miswada ya Maine hupelekwa kwenye kikao cha kamati ambako mtu yeyote anaweza kutoa maoni. Nilikwenda mara moja, mwendo wa saa moja kwa gari. Nilisoma karatasi yangu kwa dakika tatu, sauti ikitetemeka, mbele ya watu walioniangalia usoni. Hakuna aliyeniuliza nimetoka chama gani. Na Kenya tunayo haki hiyo! Katiba yetu ya 2010 inawaagiza wabunge na mabunge ya kaunti washirikishe wananchi. Lakini ni nani kijijini kwetu ameambiwa siku na mahali, mapema, kwa lugha anayoielewa?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwa matanga ya mjomba. Mwakilishi wadi wetu alifika saa tisa, mazishi yakiwa karibu kwisha. Kipaza sauti kikatolewa mikononi mwa mchungaji akapewa yeye. Alizungumza kuhusu uchaguzi wa 2027, akasema atautaka ubunge, akatoa bahasha, watu wakapiga vigelegele kaburi likiwa bado wazi. Nilikasirika. Usiku nilipomlalamikia mama, akanijibu, "Mwanangu, usimseme. Tenti ni zake, na viti ni vyake." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Mtu akifiwa hana pa kupata tenti, na karo ya mtoto inangoja fomu ya basari ipite kwa mheshimiwa. Tumemfanya mtunga sheria kuwa mjomba wa kila mtu, halafu tunashangaa akitafuta pesa za kuuendesha ujomba huo.

Sisemi Maine ni peponi. Mbunge wa jimbo alikuwa akilipwa kama dola 16,000 kwa mwaka wa kwanza wa kipindi chake na kama 11,000 kwa mwaka wa pili. Mwishoni mwa 2024 ndipo mshahara ukapandishwa hadi dola 25,000 na 20,000. Mbunge wetu wa bunge la taifa kule Nairobi, kwa mshahara wa zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi, huzifikisha hizo dola 25,000 kabla ya miezi mitano. Mshahara mdogo unaonekana mzuri hadi ujiulize nani anaumudu: mstaafu kama yule mwalimu wangu, au mwenye biashara yake. Mlezi wa wazee kama mimi, ambaye zamu moja ikikosekana kodi ya nyumba inayumba, ataachaje kazi kuanzia Januari hadi Juni? Hilo ni kosa, na nitalisema hapa kama ninavyolisema la nyumbani.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia. Anataka kugombea uwakilishi wadi mwaka 2027, akaniomba pesa za fulana na za vijana wa kumsindikiza. Nampenda kijana huyu, ana akili na ana uchungu na watu wake. Nikamwambia fulana sitatuma. Nitatuma nauli ya matatu kwenda Malindi, mara mbili kwa mwezi, akae kwenye viti vya wananchi ndani ya bunge la kaunti, asikilize bajeti ya zahanati na chekechea, kisha anipigie anieleze alichosikia. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mjomba, na watu nitawaambia nini nikirudi mikono mitupu?"

Nikamwambia awaambie pesa za zahanati yao zimefika wapi. Nauli ya kwanza nimetuma jana.