Nani adake: Josh Gibson au Johnny Bench?

Wapenzi wa besiboli wakikaa kupanga kikosi bora cha muda wote, nafasi nyingi hazina ugomvi mkubwa. Besi ya kwanza ni ya Lou Gehrig, katikati ya uwanja wa nyuma anasimama Willie Mays, kulia kwake Babe Ruth. Kelele huanza wakifika kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuiongoza mechi nzima. Zimezidi tangu Mei 2024, Ligi Kuu ya Marekani (MLB) ilipoingiza takwimu za Ligi za Weusi, ligi za wachezaji weusi waliofungiwa nje ya ligi ya wazungu, za 1920 hadi 1948 katika kumbukumbu zake rasmi. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947 bila kuruhusiwa kucheza hata mechi moja ya ligi ya wazungu, akapanda kileleni: wastani wa upigaji 0.372, yaani mapigo safi 372 katika kila zamu 1,000, mbele ya 0.367 wa Ty Cobb, aliyekuwa kinara hadi hapo.

Wanaopinga wana hoja, tena si ya kubezwa. Msimu wa Ligi za Weusi ulikuwa na mechi za ligi sitini, themanini hivi, wakati wazungu walicheza 154. Mechi zikiwa chache, mpigaji aliye motoni anaweza kumaliza msimu kabla bahati haijamgeuka. Ule wastani wa Gibson wa 0.466 mwaka 1943, ambao sasa ndio rekodi ya msimu mmoja, mimi mwenyewe nisingeutumia kumpa mtu namba.

Lakini 0.372 si ya msimu mmoja. Ni hesabu ya kuanzia 1930 hadi 1946, zaidi ya zamu 2,000 za kupiga, na bahati haina pumzi ya kukimbia umbali huo. Halafu tukumbuke 2020, mwaka wa korona. MLB yenyewe ilicheza mechi 60 tu, DJ LeMahieu akatawazwa bingwa wa upigaji wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa 0.364, na jina lake likaandikwa bila kelele kubwa. Ufupi wa msimu unageuka dosari anapotajwa Gibson.

Na huo ufupi ulikuwa na sababu. Timu za weusi ziliishi kwa mechi za kuzunguka mijini, nje ya ratiba ya ligi, kwa kuwa ndizo zilizolipa mishahara. Mechi hizo hazikuhesabiwa. Bango la Gibson katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli pale Cooperstown linamtaja kuwa aliutoa mpira nje ya uwanja karibu mara 800. Hesabu rasmi ya sasa haifiki hata 200. Sehemu kubwa ya msimu wa 1940 na wote wa 1941 alikuwa Venezuela na Mexico, nao hauonekani popote katika hesabu hiyo. Nasikia watu wakisema Gibson amepewa takwimu za huruma. Huruma gani hiyo inayofuta zaidi ya mipira 600? Waliokaa na magazeti ya zamani wakipitia mechi moja moja walimpunguzia kuliko walivyomwongezea.

Kuna wanaouliza pia alikuwa anapiga mipira ya nani. Swali zuri, ila liulizwe pande zote. Cobb na Ruth hawakuwahi kukutana na Satchel Paige, mrushaji wa Ligi za Weusi, katika mechi ya ligi. Gibson alikutana naye. Paige huyo aliruhusiwa kuingia MLB mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao warushaji wengi wameshastaafu, na bado aliisaidia Cleveland kutwaa ubingwa akishinda mechi 6 na kupoteza 1. Piga picha alivyokuwa akirusha akiwa na miaka 28. Kabla ya 1947, weusi walipoanza kuruhusiwa, ligi zote mbili, ya weusi na ya wazungu, zilikuwa nusu ligi, ya Ruth ikiwemo.

Panaponisumbua mimi ni kwenye udakaji wenyewe. Hapo Johnny Bench wa Cincinnati Reds hana mpinzani rahisi: Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, miaka 10 mfululizo, 1968 hadi 1977, mkono uliowafanya wakimbiaji waogope kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, na juu ya hayo mipira 389 nje ya uwanja. Kwa Gibson hatuna kipimo cha aina hiyo, tunao mashahidi. Mmoja wao ni Walter Johnson, mrushaji mkubwa wa Washington, aliyesema klabu yoyote kubwa ingemnunua kwa dola 200,000, na akamweka juu ya Bill Dickey, mdakaji wa Yankees. Johnson alijua anachokisema, ila ushahidi wa macho si sawa na miaka 10 ya tuzo.

Mwaka 1999 mashabiki walipopiga kura ya kikosi cha karne, nafasi hiyo walipewa Bench na Yogi Berra. Baadaye jopo likaongeza wachezaji watano waliosahauliwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka Ligi za Weusi. Jopo la kurekebisha makosa, eti.

Kikosi changu kinaanza na Gibson, apige wa nne nyuma ya Ruth. Tukiwa mbele kwa pointi moja na zimebaki awamu mbili, namtoa, anaingia Bench kulinda.