Silaha za China kwenye magemu ya vita: penye nakala ndipo penye ukweli

Tangu gemu la War Thunder lilipoiingiza China kama taifa la kuchezewa mwaka 2019, lalamiko halijabadilika: silaha zake nyingi zimenakiliwa kutoka kwa wengine. Mchezaji anaichagua China akitarajia kitu kipya, anakutana na ndege ya Curtiss ya Marekani, Polikarpov ya Kisovieti, kifaru cha Sherman, kisha T-34. Wengi wanasema huo ni uvivu wa watengenezaji. Mimi naona wamelalamikia pasipostahili. Hizo zinazoitwa nakala ndizo zilizo karibu zaidi na historia. Upotoshaji upo, ila upo kwingine.

Japani ilipoanzisha vita kamili Julai 1937, China haikuwa na viwanda vya kuunda vifaru kwa wingi. Serikali ya Chiang Kai-shek ilikuwa imenunua popote palipouzwa: Vickers za tani sita kutoka Uingereza, Panzer I kutoka Ujerumani, vifaru vidogo vya CV-33 kutoka Italia. Vickers ziliingizwa mitaa ya Shanghai Agosti mwaka huo bila askari wa miguu waliofunzwa kusonga nazo, na nyingi ziliangamia humo. Mwaka 1938 Wasovieti wakaleta T-26 zaidi ya 80, na juu ya hizo ikajengwa Divisheni ya 200, divisheni ya kwanza ya China kuwa na vifaru vya kutosha kuitwa hivyo.

Angani mambo yalikuwa yale yale. Kiwanda cha ndege cha CAMCO cha Hangzhou kiliunganisha ndege za kivita za Hawk III, lakini muundo ulikuwa wa Curtiss. Baadaye zikaja ndege za Kisovieti za I-15 na I-16 kwa mamia, pamoja na marubani wa kujitolea wa Kisovieti. Kisha zikaja P-40 za kikosi cha Wamarekani wa kujitolea cha Claire Chennault, zilizopigana kwa mara ya kwanza karibu na Kunming tarehe 20 Desemba 1941. Anayetaka orodha ya silaha za vita hivyo zenye asili ya China pekee ajiandae kupata ukurasa unaokaribia kuwa mtupu.

Hali hiyo haikukoma vita na Japani vilipokwisha. Tarehe 1 Oktoba 1949, Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu, ndege 17 zilipita juu ya Tiananmen, na kati yake 9 zilikuwa P-51 za Kimarekani. Hizo 9 zilizunguka zikapita tena ili watazamaji wahesabu 26. Kifaru kinachoheshimiwa zaidi kwenye makumbusho ya kijeshi ya Beijing, Gongchen, ni Chi-Ha ya Kijapani iliyotekwa na kutumika katika mapigano ya Jinzhou mwaka 1948. Kwa hiyo mchezaji akiiona Chi-Ha upande wa Japani na pia upande wa China, hajapunjwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Sherman nazo zina haki ya kuwepo. Wachina waliofunzwa Ramgarh, India, waliingia kaskazini mwa Burma mwaka 1944 na vifaru vya Kimarekani chini ya Kanali Rothwell Brown, kwanza Stuart za M3A3, kisha Sherman za M4A4. Kusini-magharibi mwa hapo, mwaka huohuo, askari wa Keya (King's African Rifles) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakishuka Bonde la Kabaw kwenye tope la masika hadi Kalewa, waliyoitwaa mwanzoni mwa Desemba. Babu zetu na Wachina hao walikuwa kwenye vita kimoja dhidi ya jeshi moja. Sikumbuki kuona gemu kubwa linaloukumbuka upande wetu.

Hata hivyo, wanaolalamika wana hoja nzito ambayo mara nyingi hawaitamki vizuri. Gemu linaweza kukupa chombo sahihi, likakipima deraya na mzinga kwa milimita, na bado likadanganya kuhusu vita. Ngazi ya silaha inayoanzia chini na kupanda hatua kwa hatua inajenga picha ya taifa lililokuwa likiendelea kwa mpangilio wake lenyewe. China haikupanda ngazi. Ilipokea shehena, mlango ukafungwa, ikatafuta mlango mwingine: Wajerumani wakaacha kuuza, Wasovieti wakapunguza, barabara ya Burma ikakatwa mwaka 1942. Aina ya silaha ilibadilika kulingana na nani alikuwa tayari kuiuza au kuitoa mwaka huo, na uhandisi wa Kichina haukuwa na la kuamua hapo.

Kisha kuna suala la nani anakutanishwa na nani, na hapa ndipo naumia zaidi. Tarehe 13 Septemba 1940, karibu na Chongqing, ndege 13 za Kijapani aina ya Zero zilizoingia vitani kwa mara ya kwanza zilizikuta I-15 na I-16 za Kichina 34. Wachina walipoteza ndege 13, nyingine 11 zikaharibiwa, marubani 10 wakafa. Zero zote zilirudi. Hilo ndilo tukio lililoamua hali ya anga ya China kwa muda mrefu baadaye. War Thunder hupanga wapinzani kwa uwezo wa vyombo vyao, kwa hiyo I-15 kwa kawaida haikutani na Zero hata kidogo.

Watengenezaji wana jibu, na jibu lao si la kupuuzwa: nani atakaa kwenye I-15 ili auawe kila raundi? Gemu lisilochezeka halimfundishi mtu chochote, maana hakuna atakayelifungua. Nakubaliana nao kwenye mapambano ya kawaida. Lakini usawa huo una gharama, nayo ni kwamba kijana anaweza kucheza China mwaka mzima asijue kwamba sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa na watu waliojua ndege zao zimepitwa.

Rubani wa Kichina Gao Zhihang ni mfano ninaourudia mara kwa mara. Tarehe 14 Agosti 1937 aliongoza Hawk III dhidi ya ndege za mabomu za Kijapani zilizotoka Taiwan, juu ya uwanja wa Jianqiao, Hangzhou. China ilitangaza kuangusha 6. Rekodi za Kijapani zinaonyesha pungufu ya hapo, lakini Taiwan bado huiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya jeshi la anga. Miezi mitatu baadaye, Novemba 21, Gao alikuwa Zhoukou na I-16 mpya kutoka kwa Wasovieti. Onyo lilichelewa. Aliuawa na mabomu ardhini akijaribu kuruka. Gemu linaionyesha Hawk III vizuri, hadi magurudumu yanayokunjwa. Kilichomuua Gao, yaani ukosefu wa onyo la mapema, hakimo.

Martin 139 nayo imo kwenye gemu kama ndege ya mabomu, na mchezaji anatumwa kubomoa vituo. Safari yake maarufu zaidi ilikuwa usiku wa Mei 19 kuamkia 20, 1938, rubani Xu Huansheng alipoziongoza ndege mbili hadi juu ya kisiwa cha Kyushu, Japani, na kudondosha vipeperushi. Makaratasi tu, kwa sababu China haikuwa na uwezo wa kuendesha kampeni ya mabomu dhidi ya visiwa vya Japani.

Gemu jingine, World of Tanks, lina kosa la aina nyingine, na kwangu ni kubwa kuliko la nakala. Lilipoiingiza China mwaka 2013, ngazi za chini zilikuwa za haki: Vickers, Chi-Ha, Stuart. Lakini kadiri unavyopanda, nafasi zinajazwa na miradi ya baada ya vita ambayo haikufika vitani, kama WZ-111 iliyoishia kwenye chasisi ya majaribio. Kifaru cha kwanza China kukiunda kwa wingi ni Type 59, kilichotokana na T-54A, na hicho kilitoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1950. Wachezaji wanaodai vyombo vya Kichina halisi ndio wanaosukuma mambo kuelekea kwenye miradi hiyo isiyofika vitani.

Ningeomba mambo mawili. Kila chombo kiandikwe kilitoka wapi, lini, na kwa idadi gani. Mchezaji ajue kwamba Panzer I za China zilikuwa takriban 15 kabla hajajiunga na timu yenye nyingi. Pili, liongezwe pambano moja lisilo na usawa, kwa hiari ya mchezaji: Mlango wa Kunlun, njia ya mlimani kusini mwa China, Desemba 1939. T-26 chache, mafuta ya kuhesabu, na kifaru kikiharibika hakirudi. Jeshi la Tano la China chini ya Du Yuming lilianza kushambulia tarehe 18 likaupata mlango siku ya mwisho ya mwaka, baada ya kumuua Jenerali Nakamura Masao wa Japani na kupoteza maelfu ya watu wake. Wengi watalikwepa pambano hilo, na wana haki. Liwepo kwa ajili ya watakaotaka kulicheza.