Wewe wa Nyuma Yangu, Hiyo Honi ya Nini?

Naomba nimuulize swali yule bwana aliyekuwa nyuma yangu leo asubuhi kwenye mataa: ulipiga honi taa ikiwa rangi gani? Maana mimi nilikuwa naikodolea macho, na miwani juu yake, na ninachojua ni kwamba nyekundu haijamaliza kuzimika sawasawa wewe umeshailalia honi. Kijani haijanifika machoni, honi imeshanifika masikioni. Shuleni tuliambiwa mwanga una kasi kuliko sauti. Waliotufundisha hawakuwahi kuwa na mtu wa aina yako nyuma yao.

Na usiseme hukujua. Gari lina herufi L mbele na nyuma, nyekundu, ya kusomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Mimi niliambiwa ile L ni ya kuwaomba wenzangu wanivumilie. Thubutu! Wenye magari wakiiona ndiyo kwanza wanapata hamu. Aliyekuwa anakuja taratibu anaongeza mwendo ili asikae nyuma yako, na aliyeshindwa kukupita anakuganda kwenye bampa kama kupe, halafu anashangaa mbona huna raha.

Mimi ni mtu mzima, jamani. Nina watu wananiamkia. Nimeamua kujifunza udereva katika umri huu kwa sababu zangu, na hizo sababu tuziache. Mwalimu wangu ni kijana ninayeweza kumzaa na chenji ikabaki. Asubuhi ananifungulia mlango kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wangu." Nami najibu, "Marahaba mwalimu, umeamkaje?" Heshima tele, mpaka unatamani wazazi wake wangekuwepo waone. Tukishafika kwenye mataa, kijana yule yule: "KLACHI mzee wangu! KLACHI! Siyo breki, KLACHI! Achia taratibu mzee wangu, TA-RA-TI-BU!" Bora angenifokea tu moja kwa moja. Hiyo "mzee wangu" anayoichomeka katikati ndiyo inayonimaliza.

Darasani mambo haya yalikuwa mepesi. Nyekundu, unasimama nyuma ya mstari. Nyuma, siyo juu yake, wala siyo kwenye pundamilia ukawalazimisha wenye miguu yao kuizunguka boneti yako. Kijani, unaondoka kama mbele kumetulia. Sikia hapo: KAMA. Njano, unasimama, isipokuwa umeshaukaribia mstari kiasi kwamba ukikanyaga breki ghafla wa nyuma atakuja kukaa nawe kiti cha mbele. Nikaandika yote kwenye daftari, nikapigia mistari. Tatizo la daftari, halipigi honi.

Sasa leo tulikuwa tunakata kulia. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto tunajua kulia maana yake nini: unakatiza mkondo wa watu wanaokuja wamekutolea macho. Wanaoendesha upande wa pili msiba wao uko kushoto, Mungu awasimamie.

Taa ikawa kijani. Kabla sijaondoka nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, kwa sababu kuna watu ambao nyekundu yao huchelewa kuanza. Honi. Nikaingia mpaka katikati ya makutano, nikasimama kusubiri nafasi, matairi nimeyanyoosha. Hili la matairi naomba mlishike, maana lilikuja kuleta maneno. Unaposubiri kukata kulia usikunje usukani mapema. Mtu akikugonga kwa nyuma matairi yakiwa yamekunjwa, anakusukuma moja kwa moja midomoni mwa wanaotoka mbele. Yakiwa yamenyooka, unasogea mbele tu kwenye njia yako. Na kwa bwana niliyekuwa naye, kugongwa kwa nyuma haikuwa nadharia.

Magari ya mbele yanakuja. Yanakuja. Yanazidi kuja, mpaka nikaanza kuamini yanatengenezewa pale pale nyuma ya kona. Honi. Mwishowe likafika lori. Dereva wake akaona foleni upande anaoendea haisogei, akafanya jambo la kiungwana: akasimama nje ya makutano badala ya kuja kuyaziba, akanimulikia taa mara mbili. Pita, mzee.

Namshukuru. Lakini lori lile lilikuwa pana na refu, na upande wake wa pili kuna njia nyingine nzima ambayo mimi siioni.

"Mzee wangu," mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini, "pembeni ya lori unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Huoni kitu kwa sababu hakuna, au huoni kwa sababu ya lori?"

"Kwa sababu ya lori."

"Kwa hiyo?"

"Siendi."

"Hapo sawa."

Kusifiwa kwangu kwa kwanza! Kifua kikajaa. Na hapo ndipo ikaja honi, safari hii ndefu, ya kutoka moyoni. Nikatazama kwenye kioo nikamwona bwana anashuka. Anashuka! Katikati ya mataa! Kaacha mlango wazi, shati limechomoka upande mmoja, simu mkononi. Akaja mpaka dirishani. Kioo cha gari letu ni cha kuzungusha kwa mkono, na hukwama katikati, kwa hiyo ilibidi ainame ndiyo tuonane.

"Shikamoo babu."

Angalau.

"Marahaba."

"Babu, si umepewa njia!"

"Nimepewa na mwenye lori."

"Si ndiyo huyo huyo!"

"Mwenye lori anatoa njia yake. Ya pembeni yake siyo yake kuitoa."

"Pembeni kuna nini?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui, si upite!"

"Kama sijui ndiyo sipiti."

Akaniacha mimi, akamchungulia mwalimu. "Kaka, hebu mwambie babu." Mwalimu, mkono mmoja kwenye handibreki, akasema, "Mzee anasubiri mpaka aone, kaka." "Ataonaje amekaa hapa? Babu, kunja usukani, kunja, chomeka pua wakuone!"

"Matairi nayataka yamenyooka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Alipofungua mdomo kunijibu, pikipiki ikachomoka pembeni ya lori. Dereva, abiria, na godoro. Godoro limekunjwa likafungwa kamba, abiria kalikumbatia kwa mikono miwili na shavu kaliegemeza juu yake, macho kafumba. Walipita pale pale ambapo boneti yetu ingekuwa. Upepo wao ukalipeperusha shati la yule bwana, ule upande uliochomoka.

"Pembeni kulikuwa na hao," nikasema.

Ningependa kuwaambia kwamba alinipa mkono. Lakini taa hazikuwa sehemu ya mjadala wetu, zenyewe ziliendelea na kazi. Njano ilishapita, nyekundu ikawaka, wa mbele wakasimama. Ukishakuwa ndani ya makutano namna ile unamalizia kona yako na kutoka, huwezi kukaa katikati ukingojea kijani nyingine. Nikatazama, nikaona ni salama, nikaachia klachi kwa heshima zote. Gari likaamua kuzima.

Nasema gari liliamua, na wote walioijaribu klachi ile watanitolea ushahidi.

"KLACHI MZEE WANGU!" Bwana akakimbilia gari lake, akajirusha ndani, na badala ya kutubu, akapiga honi. Wa barabara ya pembeni wakawashiwa kijani yao, nao wakapiga. Lori, mwungwana wangu wa dakika ile ile, naye akaachia ile honi ya upepo, daftari likaanguka toka kwenye dashibodi. Nikawasha, likazima. Nikawasha, likakohoa.

Hivi mnataka nifanyeje? Nauliza kwa dhati, sitanii tena. Niondoke bila kutazama, nimgonge mtu, halafu ninyi ninyi muwe wa kwanza kusimama kupiga picha? Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja mnayoninyang'anya kwa honi ndiyo ile ile ninayoihitaji kujua kama yule wa upande wa pili amesimama kweli au anapunguza mwendo kwa kuzuga tu. Moja! Mtu hutumia zaidi ya hiyo kutafuta tundu la mkanda. Na hao hao wenye haraka, waache watangulie, utawakuta mataa yanayofuata wameinamia simu, kijani inawaka, inazeeka, hawana habari.

Mimi nikiudhiwa husoma. Nikasoma. Taa ya kwanza ya kuongozea magari iliwekwa London, karibu na Bunge, Desemba 1868. Ilikuwa ya gesi, askari anaiendesha kwa mkono. Nyekundu ilimaanisha simama. Na kijani je? Tahadhari! Siyo ruka, siyo kimbia, siyo mlalie honi aliye mbele yako. Tahadhari. Haikudumu, lakini: Januari 1869 ililipuka ikamjeruhi askari wake, na mimi namwelewa sana mtu aliyesimama kwenye makutano kwa utaratibu wake, anafanya alichoambiwa, kitu kikamlipukia usoni. Mwaka 1914 Cleveland, Marekani, wakafunga za umeme, nyekundu na kijani tu, zikiwa na kengele ya kuwatahadharisha watu kwamba rangi inakaribia kubadilika. Kazi hiyo ya kengele ilishakoma zamani. Kuna bwana mmoja hajapata barua.

Njano ililetwa na askari wa Detroit, William Potts, kwenye taa zake za pande nne mwaka 1920. Alitaka kuwapa watu nafasi ya kusimama. Leo njano ndiyo inayoamsha miguu iliyokuwa imelala. Mtu alikuwa anajiendea zake kizee, ameona njano, ghafla ana mgonjwa mahututi garini.

Ingawa kwenye njano nina utetezi kidogo. Mwaka 1960 watafiti Gazis, Herman na Maradudin walipiga hesabu wakaonyesha kwamba njano ikiwekwa fupi mno, kuna kipande cha barabara kabla ya mstari ambapo dereva hawezi kusimama kwa usalama wala kuvuka kabla ya nyekundu, hata awe mtiifu namna gani. Nikampelekea mwalimu habari hii kwa furaha, nikijua leo nimemshika. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo maana mzee wangu nakwambia, kijani uliyoikuta imeshawaka muda mrefu usiiamini. Ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kioo cha nyuma, jiandae." Vijana wa siku hizi huwezi kuwapelekea habari.

Hapo sijasema wale wanaopanga foleni ya kukata kulia halafu wananyoosha. Sijasema wanaofuata matako ya gari la mbele mpaka katikati ya makutano huku wanaona kabisa ng'ambo hakuna pa kutokea, taa inabadilika, wanabaki wamelala pale wanatazama juu wasikutane na macho ya watu. Na wewe unayebonyeza kitufe cha waenda kwa miguu, husubiri, unavuka mbio, unaondoka zako. Dakika nzima baadaye magari ya pande zote yamesimama kwa nidhamu kubwa yanaivusha hewa.

Siku za karibuni mwalimu ameanza kuniandaa kwa maswali ya mtihani. Taa zote zikizimika, nani apite kwanza? Nikajibu mwenye lori. Akasema hapana mzee wangu, hakuna mwenye haki ya bure hapo: kuna nchi mnasimama wote na kupeana zamu, na kuna nchi kila mtu anapunguza mwendo awe tayari kusimama. Nikamwambia hiyo ni kwenye karatasi, mimi nazungumzia lori. Tukabishana mpaka barabara ya chuoni.

Swali lingine: taa ni nyekundu, lakini askari yupo katikati anakuita upite. Unafuata nini? Hili nililijua. Unamfuata askari, yeye akishika makutano taa inakuwa pambo. Safi, akasema. Nikamuuliza, na askari akiwa anajikuna tu? Akanyamaza. Maana mkono uliokwenda juu ni ule ule, mwalimu, nitajuaje? Nisubiri ashushe? Na akishusha je, siyo ishara nyingine hiyo? Kijana akavuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa leso, akasema mzee wangu, kesho tuanze somo la kurudi nyuma.

Kurudi nyuma! Kwa kioo kipi? Hiki cha ndani kila nikishuka kuna mtu anakigeuza ajitazame nywele, na garini humo tupo wawili tu.