Ukitaka Kuona Mimea ya Ajabu, Punguza Mwendo

Siku hizi matembezi ya porini yamegeuka mashindano: nani katembea kilomita nyingi, nani kawahi kileleni. Kwa anayetaka kuona mimea isiyo ya kawaida, mimi nashauri kinyume chake. Tafuta kijia kifupi, tambarare, kinachopita kando ya kinamasi, ukipe saa mbili nzima.

Kinamasi nakitaja makusudi. Maji yamo tele, lakini nitrojeni, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji, ni haba, kwa hiyo baadhi ya mimea hujazia pengo hilo kwa kunasa wadudu. Ninayoipenda kuliko yote ni Drosera. Kuna spishi ndogo kiasi kwamba sarafu inaifunika, na anayepita mbio huikanyaga bila kujua. Chuchumaa. Jani limejaa vinyweleo vyekundu, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna tone linalong'aa mithili ya umande. Si umande, ni ulimbo. Mbu akitua hanasuki tena. Vinyweleo vya jirani humwinamia taratibu, vikamzingira, na jani likaanza kummeng'enya hapo hapo. Mwaka 1860 Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba Drosera ilimshughulisha kuliko asili ya spishi zote duniani. Ukiitazama kwa karibu utamwelewa.

Kwenye dimbwi la pembeni huenda ukaona vijiua vya njano juu ya maji. Vikiwa vya Utricularia, mitego yake imo majini: vifuko vidogo vinavyomfyonza mdudu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jambo hilo hulioni kwa macho, ndiyo maana ni vizuri kuongozana na mtu anayeijua mimea.

Kung'oa mimea napinga kabisa. Okidi nyingi za porini hutegemea kuvu wa udongo ule ule zilipoota. Ukizihamishia kwenye chungu, mara nyingi zinakufa. Dionaea, ule mmea unaofumba majani mdudu akiyagusa, kwa asili huota katika majimbo mawili tu ya Marekani, North Carolina na South Carolina. Wizi wake ulikithiri hadi North Carolina ikaufanya kosa kubwa la jinai mwaka 2014. Kwa hiyo hata ukipiga picha ya mmea adimu, futa taarifa za mahali kabla ya kuirusha mtandaoni. Taja mkoa, inatosha. Wezi wa mimea nao hupitia picha hizo hizo wakitafuta pa kwenda.