César ni tuzo ya Kifaransa au ya Ufaransa?

Wafaransa wana neno moja, "français", kwa kitu cha nchi yao na kwa lugha yao. Kiswahili kinatenganisha: Ufaransa ni nchi, Kifaransa ni lugha. Tofauti hiyo inasaidia kuzielewa César, tuzo za sinema zinazotolewa Paris kila mwaka tangu 1976. Wengi huziita tuzo za filamu za Kifaransa, na nadhani hapo ndipo tunapokosea.

Tazama washindi wa filamu bora. Mwaka 2003 ilikuwa The Pianist ya Roman Polanski, ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza. Februari 2025 ikawa Emilia Pérez ya Jacques Audiard, iliyojaa Kihispania. Mwaka 2015 Timbuktu ya Abderrahmane Sissako ilizoa César 7, na humo Kifaransa ni kidogo mbele ya Kitamasheki, Kibambara na Kiarabu. Kinachofungua mlango ni fedha: filamu iwe na mtayarishaji wa Ufaransa, na iwe imeonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Paris na vitongoji vyake.

Utaratibu huo siubezi. Kila tiketi ya sinema inayouzwa Ufaransa hukatwa kodi, ikaingia CNC, taasisi ya serikali ya mambo ya sinema iliyoanzishwa 1946, kisha ikarudi kutengeneza filamu nyingine. Sehemu yake huwafikia waongozaji wa nje, Waafrika wakiwemo. Katika Timbuktu kuna vijana wanaocheza soka bila mpira, kwa sababu wanamgambo wameupiga marufuku. Wanapiga pasi, kipa anaruka, vumbi linatimka, mpira haupo. Pikipiki ya wenye bunduki ikipita, wote wanajifanya wako kwenye mazoezi ya viungo. Sissako, Mmauritania aliyekulia Mali, angezipata wapi fedha za kutuonyesha jambo hili? Sijaona hazina ya Afrika iliyokuwa ikimsubiri.

Lakini mwenye fedha ndiye anayesoma muswada kwanza. Filamu ya Kinshasa, hata ikiwa Kifaransa kitupu mwanzo hadi mwisho, ikikosa mtayarishaji wa Ufaransa itapelekwa kwenye kundi la filamu za kigeni, ikabanane na Hollywood. Filamu ya Kihispania yenye mtayarishaji wa Paris inakaa sebuleni. Hilo linaniuma, kwa sababu Kongo ina wasemaji wa Kifaransa kwa mamilioni.

Tena wapiga kura ni watu wa tasnia ya Ufaransa, zaidi ya 4,000. Mwaka 2020 mwigizaji Aïssa Maïga alisimama jukwaani akawaambia kwamba kila akiingia kwenye mikusanyiko yao hujikuta akihesabu weusi. Usiku uleule filamu bora ilikuwa Les Misérables ya Ladj Ly, mwana wa wazazi wa Mali. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti lingine.

Trophées francophones du cinéma, tuzo za filamu za nchi zinazotumia Kifaransa zilizoanza Dakar mwaka 2013, zilijaribu kuifanya lugha iwe ndiyo kigezo. Wazo lilikuwa zuri, ila hazikupata nguvu ya César.

Kwetu Waswahili jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa filamu yake Makala. Kwa msomaji wa Dar makala ni andiko la gazetini; kule Kolwezi, Kongo, ni makaa, na filamu inamfuata kijana anayesukuma baiskeli iliyoelemewa na magunia yake hadi mjini. Mwaka huohuo Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa Maman Colonelle, habari ya afisa wa polisi wa kike anayewasimamia wanawake waliobakwa na watoto walioitwa wachawi. Zote mbili zinasema Kiswahili cha Kongo, na zote zilihitaji mtayarishaji wa Ufaransa.

Ningependa César iendelee kuzipokea filamu za lugha zote, kisha iongeze kundi moja: filamu za Kifaransa zisizo na senti ya Ufaransa ndani yake.